Kanjanja wa Jengo la Zaituni

Neno "kanjanja" lilikuwa limeandikwa mara tisa kwenye jalada. Jina la Khalfani Kondo lilikuwa limeandikwa mara mbili tu, na mara moja kati ya hizo lilikosewa, likasomeka Konde.

Inspekta Elieshi Mrutu alihesabu akiwa amesimama, kalamu nyekundu mkononi. Alipomaliza alilibeba jalada likiwa wazi vilevile hadi ofisi ya bosi wake, Mrakibu Abdulkadiri. Hakubisha hodi.

"Nani ameandika kwamba huyu ni kanjanja?"

Mrakibu alikuwa na kikombe cha chai mdomoni. Akakishusha. "Salamu kwanza."

"Habari za asubuhi, afande. Nani ameandika?"

"Kila mtu. Mlinzi kasema, msimamizi wa jengo kasema, gazeti limeandika. Alhamisi mtu kaingia kwenye jengo la watu bila ruhusa, kateleza ngazini, kafa. Leo Jumatatu. Hilo ni jalada la kufunga, Elieshi, si la kuja nalo mbio."

"Kanjanja maana yake nini?"

"Aa, mama!"

"Naomba maana, afande. Neno limo mara tisa kwenye jalada la polisi. Nataka kujua marehemu tunamtuhumu kosa gani."

Mrakibu akavuta pumzi. "Mwandishi uchwara. Hana ofisi, hana kitambulisho, kazi yake kuzunguka na kamera akitafuta bahasha za hongo. Umeridhika?"

"Mimi kwetu Same, kanjanja ni tapeli. Mchezaji anayejiangusha kwenye boksi apewe penalti, huyo ni kanjanja. Hao wote wawili hawafi kwa sababu ya jina. Huyu kafa, na sisi tumeandika jina tukaacha kifo." Akageuza kurasa. "Hakuna mchoro wa eneo. Hakuna vipimo. Haya maelezo ya mlinzi hayakuandikwa na askari. Yamechapwa kwa kompyuta, yakaletwa hapa, mtu wetu akayatoboa na kuyafunga kwenye jalada."

"Yana sahihi yake."

"Hata cheti cha ndoa kina sahihi."

Mrakibu hakucheka. "Sikiliza. Saa nane mchana mwanasheria wa wenye jengo anakuja kuchukua barua. Tunawafungulia ile andagraundi chini ya jengo wafanyabiashara waendelee na shughuli zao. Sina sababu ya kuwazuia."

"Nitakuletea sababu," Elieshi alisema, akatoka na jalada lake. Mlango aliuacha wazi.

* * *

Jengo la Zaituni lilikuwa na ghorofa sita, katikati ya Mchafukoge. Chini zilikuwa fremu za maduka ya mapazia na vitenge, katikati stoo na ofisi ndogondogo, juu kabisa familia zinazoishi kwa kupanga. Wasukuma mikokoteni walikuwa wamepanga foleni mlangoni wakipakua marobota. Utepe wa polisi kwenye ngazi za kushukia chini ulikuwa umefungwa kwa fundo moja, na juu yake mtu alikuwa ameanika kitambaa cha kufutia vumbi.

Elieshi alikichomoa kitambaa akakitupa pembeni. Nyuma yake, Koplo Husna alikuwa na kamera na futi ya kupimia.

"Wamesema aliteleza ngazini," Elieshi alisema. "Aliokotwa wapi?"

"Ndani ya shimo la lifti, afande. Lifti yenyewe haijafungwa bado."

"Pima kutoka ngazi ya mwisho mpaka kwenye shimo."

Husna alipima. "Mita kumi na mbili na nusu. Kuna kona mbili."

"Basi aliteleza, akaamka, akakata kona mbili, ndipo akaanguka. Andika."

Andagraundi ilinuka saruji mbichi. Mafundi walikuwa wamebomoa kuta ili kupata fremu mpya, na vifusi vilikuwa vimerundikwa kwenye kona. Elieshi alizunguka na tochi. Kwenye nguzo ya kwanza kulikuwa na namba 1 iliyoandikwa kwa chaki nyeupe, na chini yake kipimo cha sentimita. Kwenye ya pili, namba 2. Akafuata chaki. Nguzo ya sita ilikuwa nyembamba kuliko nyingine, ubavu mmoja umechongwa mpaka nondo zikachungulia. Ya nane ilikuwa hivyohivyo. Ya tisa alipoigonga kwa kifundo cha kidole ilitoa mlio wa sanduku tupu. Ilikuwa ubao uliopakwa rangi ya saruji. Nyuma ya ubao hapakuwa na kitu.

Nguzo ya kumi haikuwa na namba.

"Alifika ya tisa," Husna alisema taratibu.

Elieshi akaangalia umbali kati ya nguzo ya tisa na shimo la lifti. Hatua nne.

"Piga picha zote. Namba, vipimo, kila kitu. Halafu niitie huyo mlinzi aliyeandika insha."

Mlinzi aliitwa Ladislaus Kapufi, mwanamume mrefu wa miaka kama thelathini, aliyekuja Dar miezi mitatu iliyopita kutoka Namanyere. Alisimama mbele ya Elieshi akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Haya ni maelezo yako, kaka?"

"Ndiyo, afande."

"Nisomee mstari wa kwanza."

Kapufi alisoma polepole, kidole kikitangulia. "'Kanjanja mmoja asiye na chombo amefariki dunia baada ya kuteleza ngazini katika jengo la Zaituni, Mchafukoge, jijini Dar es Salaam, wakati akipiga picha bila idhini.'"

"Kanjanja ni nani?"

"Marehemu."

"Hilo najua. Neno lenyewe maana yake nini?"

Kapufi alimtazama Husna, kisha akarudisha macho kwa Elieshi. "Si ndilo jina lake, afande? Mzee Kanjanja."

Husna aliinua macho.

"Jumamosi nilienda msibani kwao Buguruni," Kapufi aliendelea, akidhani haaminiki. "Nikasema nimetoka kazini, nimekuja kutoa pole kwa msiba wa mzee Kanjanja. Vijana wakanishika shati wakanitoa nje. Mpaka leo sijui nimewakosea nini."

"Na 'asiye na chombo'?"

"Nilielewa kwamba hana usafiri. Alikuja kwa miguu."

Husna aligeukia ukuta. Elieshi hakugeuka.

"Nani alikupa hii karatasi?"

"Bosi. Msimamizi, Tarsis. Ijumaa asubuhi. Aliniambia polisi wameshaandika kila kitu, imebaki sahihi yangu tu."

"Ulimwona huyo mzee akianguka?"

"Sikuwepo, afande. Alhamisi saa nane mchana bosi alinituma Buguruni kununua kufuli. Niliporudi ilikuwa imegonga saa kumi na nusu. Nikamkuta mama mmoja hapa getini analia, anasema mume wake amefia humu. Nikamwambia, mama, humu hajafa mtu, labda umekosea jengo. Nilimwambia kwa nia njema kabisa. Basi, haikupita nusu saa, Severa wa usafi akapiga kelele huko chini."

"Rudia hapo. Mama alikuja kabla Severa hajaiona maiti?"

"Kabla. Alikuwa amekaa pale kwenye ngazi, namtuliza."

Elieshi akafunga jalada. "Leo maelezo yako utayaandika upya mbele ya Koplo Husna, kwa maneno yako mwenyewe. Usipojua neno, usiliandike."

* * *

Tarsis Njau, msimamizi wa jengo, aliwapokea ofisini ghorofa ya kwanza. Aliagiza soda kabla hawajakaa. Elieshi alikataa soda na kiti pia.

"Nani alichapa maelezo ya mlinzi?"

"Mimi. Yule kijana hawezi kuandika vizuri, nikamsaidia. Ni kosa?"

"Alhamisi saa nane ulimtuma Buguruni kununua kufuli."

"Nilimtuma."

"Kutoka hapa. Mtu avuke Kariakoo nzima, apite maduka mia mbili ya vifaa vya ujenzi, akanunue kufuli Buguruni."

"Kuna fundi wangu kule, ananiuzia nzuri."

"Kufuli iko wapi?"

Tarsis alifungua droo, akaifunga. "Nitaitafuta."

"Khalfani Kondo ulikuwa unamfahamu?"

"Kanjanja yule? Inspekta, ngoja nikuonyeshe, halafu wewe mwenyewe uamue." Akatoa simu, akasogeza ujumbe mpaka akaufikia. "Jumatatu ya wiki iliyopita. Soma."

Ujumbe ulisema: *Bwana Njau, naomba tuonane kabla sijaandika. Khalfani.*

"Kabla sijaandika," Tarsis alirudia. "Unaelewa maana yake? Nipe chochote, nisiandike. Hao ndio makanjanja. Wanatembea na kalamu kama mwizi anavyotembea na kisu. Mimi sikumjibu, akaamua kuingia kwa wizi, Mungu akamlipa palepale."

Elieshi aliusoma ujumbe mara mbili. Ungeweza kusomeka hivyo. Mbele ya hakimu, wakili mzuri angeusoma hivyohivyo. Aliandika maneno yake kwenye daftari, na saa yake.

"Swali la mwisho. Hapa chini ya maelezo, baada ya sahihi, pamechapwa neno MWISHO. Herufi kubwa, katikati ya mstari. Kwa nini?"

Tarsis aliinama kuangalia, kama mtu anayeliona neno hilo kwa mara ya kwanza. "Kwa sababu ni mwisho."

"Ulianza na MWANZO?"

Elieshi akamwambia asitoke ndani ya jengo, akamwacha Husna mlangoni.

* * *

Zamda, mjane wa Khalfani, alikuwa eda katika vyumba viwili vya kupanga Buguruni. Alikaa kwenye mkeka, amejitanda kanga mpaka kichwani, mgongo ukutani. Kina mama wawili waliokuwa naye walimwona Elieshi na sare yake, wakanyamaza kwa namna isiyo ya adabu.

Elieshi alivua viatu nje. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wenzako waliingia na viatu." Sauti ya Zamda ilikuwa kavu. "Kaa. Umekuja kunieleza na wewe kwamba mume wangu alikuwa kanjanja? Maana nilishaelezwa. Mpaka mlinzi wa jengo kaletwa msibani kwangu kuja kumtukana."

"Yule alidhani ni jina, mama. Walimdanganya. Ameumia mwenyewe."

Zamda alimkazia macho, akapima kama ni kweli, kisha akaitikia kwa kichwa.

"Miaka ishirini na miwili alikuwa gazeti la *Tambuzi*," alisema. "Mahakama, bandari, mafuriko ya Jangwani, yote aliyaandika yeye. Ikaja sheria kwamba lazima uwe na diploma ndipo upewe kitambulisho. Yeye ana kidato cha nne. Wakamwambia asante. Wiki haikuisha wakaanza kumwita kanjanja, vijana aliowafundisha mwenyewe kutunga vichwa vya habari. Na unajua kilichoniuma? Habari zake waliendelea kuzichukua. Anawapelekea, wanazitoa, juu jina la mwenye kitambulisho. Yeye kanjanja, habari yake si ya kanjanja!"

"Alikuwa anachukua bahasha, mama?"

Kina mama wawili wakaguna. Zamda akawanyamazisha kwa mkono.

"Acha aulize, ndiyo kazi yake. Hakuchukua. Angechukua, ungenikuta hapa?" Akaonyesha dari, ambako maji ya mvua yalikuwa yamechora ramani.

"Alimtumia msimamizi ujumbe: naomba tuonane kabla sijaandika."

"Alimtumia kila mtu ujumbe huo! Hata diwani, hata sheikh wa msikiti wetu aliwahi kumtumia. Alikuwa hamwandiki mtu bila kumsikiliza. Wewe, mwanangu, nipe lile boksi."

Mmoja wa kina mama akavuta boksi la viatu. Ndani mlikuwa na daftari na karatasi za habari zilizochapwa. Elieshi alizipekua moja moja. Habari ya choo cha soko. Habari ya mita za maji. Chini ya kila habari, katikati ya mstari, kwa herufi kubwa: MWISHO.

"Hili neno ni la nini?"

"Si la habari? Wote wanaandika hivyo, mhariri ajue hakuna ukurasa mwingine. Alikuwa hata akiniandikia orodha ya sokoni anamaliza MWISHO. Hawezi kuacha. Mkono umezoea."

Elieshi akaweka karatasi chini kwa uangalifu. "Mama, Alhamisi ulipataje habari?"

"Kwenye simu, grupu la mtaa. Mtu kaweka habari ya *Tambuzi*: kanjanja afariki jengo la Zaituni. Hawakuandika jina. Lakini mimi nilijua kaenda Zaituni, na nilijua wanamwitaje. Nilikuwa kwenye meza yangu ya viatu Mchikichini, nikaiacha hivyohivyo, nikakimbia." Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Niliwaambia wenzako. Niliwaambia habari niliipata kabla maiti haijaonekana. Askari mmoja akaniambia, mama, umechanganyikiwa kwa majonzi, saa unazichanganya. Akafunga daftari."

"Naomba simu."

Picha ya ukurasa wa *Tambuzi* ilikuwa bado ipo kwenye grupu. *Kanjanja mmoja asiye na chombo amefariki dunia baada ya kuteleza ngazini...* Neno kwa neno. Juu yake, saa: 16:10.

Kwa mujibu wa jalada, Severa wa usafi aliiona maiti saa kumi na dakika hamsini.

"Hukuchanganyikiwa, mama," Elieshi alisema. "Wenzangu ndio hawakutaka kusoma saa." Aliomba kuondoka na simu ile. Alipotaka kusimama, Zamda akamshika mkono wa shati.

"Habari yenyewe ya Zaituni alimpa Benedict Mwasaga, mhariri. Jumatano. Alisema Benedict ndiye pekee aliyebaki anayemsikiliza. Hata pilau yangu ameila hapa."

* * *

Simu ya daktari aliyechunguza maiti ilimkuta Elieshi akiwa anavuka Barabara ya Uhuru. Alisimama katikati ya wauza maji, kidole kwenye sikio la pili, akasikiliza. Aliuliza swali moja, akarudia jibu kwa sauti ili alikariri, akakata. Muuza matunda mmoja alimwuliza kama anaumwa.

Ofisi za *Tambuzi* zilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la betri. Benedict Mwasaga alivaa kitambulisho chake shingoni, chenye picha na muhuri. Alikuwa mpole, mwenye mvi za kupendeza, na alimpa Elieshi mkono kwa mikono miwili.

"Tumesikitika sana, Inspekta. Khalfani alikuwa mwenzetu."

"Mlimwandika kanjanja."

"Ni lugha ya chumba cha habari. Neno hili lina historia, ujue. Mtaani ni mjanja mjanja, laghai. Kwetu ni mtu anayefanya uandishi bila sifa, bila chombo kinachomtambua. Si tusi. Ni, niseme, maelezo ya hali yake."

"Mtu wa nje ya chumba cha habari angelitumia hivyo? 'Kanjanja asiye na chombo'?"

"Pengine asingeelewa."

"Kweli, hakuelewa. Habari yenu ilitoka saa ngapi?"

"Alhamisi, saa mbili usiku. Iko mtandaoni, unaweza kuiona."

"Chanzo chenu?"

"Maelezo ya mlinzi. Tuliyanukuu."

"Maelezo ya mlinzi yana tarehe ya Ijumaa."

Benedict alisogeza kalamu zake. "Basi nitakuwa nimechanganya. Msimamizi alinipigia, baada ya maiti kuonekana. Mlinzi ndiye aliyenakili habari yetu baadaye."

"Mlinzi anayedhani kanjanja ni jina la mtu. Na mwisho wa maelezo yake akaandika MWISHO, kama mwandishi anayefunga habari kwa mhariri wake." Elieshi akaweka simu ya Zamda mezani, kioo juu. "Hii ni saa mbili usiku?"

Benedict aliangalia. Hakuigusa.

"Mliitoa saa kumi na dakika kumi. Mkagundua hakuna maiti bado, mkaifuta, mkaitoa tena saa mbili. Lakini mtaa una macho. Dakika arobaini kabla mtu yeyote hajajua Khalfani kafa, wewe ulishajua. Ulijua aliteleza, na ulijua wapi. Haya, niambie. Nani mwingine alijua?"

Kelele za chumba cha habari nje ya kioo ziliendelea. Benedict aliinuka, akafunga mlango, akarudi. Alipokaa alionekana mfupi.

"Sikumgusa," alisema. "Naapa sikumgusa. Jumatano aliniletea ile habari ya nguzo. Zaituni wanatangaza kwetu, ukurasa mzima, kila wiki. Nikamtumia Tarsis aisome ajibu. Ni utaratibu, mtu anapewa nafasi ya kujibu."

"Ulimtumia maswali, au ulimtumia habari nzima pamoja na siku na saa ambayo Khalfani angerudi kumalizia vipimo?"

Benedict alisogeza tena kalamu zake.

"Nimeuliza."

"Nzima."

"Endelea."

"Alhamisi kama saa kumi kasorobo alinipigia. Akasema, kanjanja wako ameanguka kwenye shimo, amekwisha, niandikie kitu kiende haraka, polisi wakifika wakute imeshajulikana ni ajali. Na baadaye akaomba karatasi ya mlinzi. Nikaandika. Nilidhani ni ajali kweli, Inspekta. Mimi ni mwandishi tu, niliandika nilichoambiwa."

"Ulimwuliza jina la daktari aliyethibitisha?"

"Hapana."

"Ulimwuliza kama kuna mtu ameshuka kumwangalia?"

"Hapana."

"Ulipiga simu polisi? Gari la wagonjwa? Ulimpigia Zamda, ambaye umekula pilau yake?"

Benedict alitikisa kichwa.

Elieshi alisimama. Aliweka viganja viwili mezani, juu ya magazeti, akainama mpaka nyuso zao zikawa karibu. Hakupandisha sauti, na Benedict aliegemea nyuma kana kwamba amepandishiwa.

"Daktari amenipigia sasa hivi. Kuna alama za vidole vya mtu kwenye mkono wake wa kulia, hapa, juu ya kiwiko. Alivutwa. Lakini hilo ni la Tarsis. Lako ni hili. Damu ilivuja ndani ya kichwa polepole. Aliishi saa nzima mle shimoni, pengine na zaidi. Saa kumi na dakika kumi, ulipokuwa unaandika 'amefariki dunia', Khalfani alikuwa anapumua. Mke wake alipokuwa getini anaambiwa hajafa mtu, alikuwa kweli hajafa. Ulikuwa na simu mkononi, Benedict. Ukaitumia kutafuta neno la kumwita."

Benedict alishika kamba ya kitambulisho shingoni.

"Vaa koti. Na hicho kitambulisho usikivue. Nataka kionekane kwenye picha."

* * *

Saa nane kasoro dakika kumi Elieshi alimpigia Mrakibu Abdulkadiri kutoka ngazi za *Tambuzi*, Benedict akiwa mbele yake na pingu. Alisema sentensi tatu.

"Mwanasheria wao yuko hapa mbele yangu," Mrakibu alisema.

"Mwambie akae. Atakuwa na kazi nyingi. Na afande, naomba mhandisi wa jiji, sasa hivi, si kwa barua."

Mhandisi alikuwa mwanamke mnene mwenye kofia ya njano, Winifrida. Alishuka andagraundi akihema. Aligonga nguzo ya sita, akagonga ya nane. Aligonga ya tisa mara moja tu, akarudi nyuma hatua mbili bila kugeuka, kama mtu aliyeona nyoka.

"Kuna watu juu?"

"Ghorofa sita."

"Watoe. Usiwaambie wakusanye vitu. Watoe."

Tarsis alikuwa anashushwa na Husna pale ngazini wakati watu walipoanza kutoka. Alikuwa akipiga kelele kwamba ni hujuma, kwamba kuna mikataba, kwamba atampigia mtu. Hakuna aliyemsikiliza. Watu walikuwa wanateremka na watoto, na vyerehani, na masanamu ya kuvalishia nguo yasiyo na vichwa. Walikuwa wanatukana. Walitukana polisi, walitukana jiji, walitukana Jumatatu yenyewe. Mzee mmoja alikataa kutoka bila jiko lake la gesi, askari wawili wakambeba yeye na jiko.

Elieshi alipanda mpaka juu kabisa kuhakikisha. Akiwa anashuka, ghorofa ya tatu, alimkuta mwanamke anaburuta robota la vitenge peke yake, jasho linamtiririka, hasira zimemjaa.

"Nilisema muache vitu, dada."

"Niache? Huu ni mzigo wa miezi miwili! Nani kawadanganya kwamba jengo linaanguka? Nani? Nitajie jina nimkabe!"

"Nguzo tatu chini zimekatwa. Kuna mtu alizipima."

"Mtu gani?"

"Khalfani Kondo. Mwandishi wa habari."

Mwanamke aliwaza kidogo, akapangusa uso kwa mkono. "Simjui," alisema, akalishika tena robota.

Elieshi aliinama, akashika upande wa pili, wakashuka nalo.